Milioni Sitini na Moja na Ushee

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi katika ukumbi wa shule moja ya sekondari jijini Dodoma, Siku ya Kimataifa ya Hisabati, tarehe 14 Machi. Nimeiandika karibu kama ilivyosemwa. Pale nilipokuwa naandika ubaoni nimeeleza kwa maneno.)

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi wetu, na ninyi wanafunzi mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimekwenda kwa wazazi: mbukwenyi!

Barua ya mwaliko ilinitaka niseme jambo litakalowafanya watoto walipende somo la Hisabati. Kazi hiyo siiwezi. Nina miaka 27 na chaki mkononi, na hadi leo wapo niliowafundisha ambao wakiniona mbele yao wanavuka barabara. (Kicheko) Nimekuja na kitu kidogo zaidi. Nimekuja na namba moja. Tutaifungua hapa, kwa hesabu za darasa la tano, tuone ndani kuna nini.

Namba yenyewe ni hii: 61,741,120.

Nani anaifahamu? Mzee wangu pale nyuma amesema sensa, na amepata. Tarehe 31 Oktoba 2022, Uwanja wa Jamhuri, hapa hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi. Watanzania milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Jioni ile nilikuwa kwenye kibanda cha chipsi, redio inasema, na kijana aliyekuwa anakaanga akageuka akatuambia, "Kumbe tuko milioni sitini na moja na ushee." Sote tukaitikia. Nikala chipsi zangu, nikaenda nyumbani, lakini neno lile "ushee" likanikaa kooni kama mwiba wa perege. Ushee gani huo? Ni watu 741,120. Hao ni karibu sawa na wakazi wote wa Jiji la Dodoma waliohesabiwa mwaka ule. Kijana alikuwa ametumeza sisi sote, pamoja na kibanda chake, ndani ya neno moja.

Bibi yangu mzaa mama, kule Bahi, hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake. Kwao kumnyooshea mnyama kidole na kusema moja, mbili, tatu ilikuwa ni kuliitia zizi balaa. Lakini jioni mifugo ikiingia, alisimama langoni na mkono kiunoni, na kabla lango halijafungwa alikuwa ameshasema: yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika hayupo, rudini mkamtafute. Hakuwa na jumla kichwani. Alikuwa na kila mmoja. Sensa, kwa maoni yangu, ni jaribio la kumfanya karani mwenye kishikwambi awe kama bibi yangu langoni. Ndiyo maana jumla yake inaishia kwenye 120, haiishii kwenye "ushee". Na namba iliyotajwa hadi mwisho wake ina tumbo. Unaweza kuipasua ukaangalia. Ile ya ushee haina.

Basi tuanze kwa kuikagua. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa pia mgawanyo: Tanzania Bara watu 59,851,347, Zanzibar watu 1,889,773. Mwanafunzi mwenye haraka atazijumlisha. Mimi nataka niwaonyeshe njia ya wavivu, inaitwa kutupa tisa. Jumlisha tarakimu za Bara: 5 na 9 na 8 na 5 na 1 na 3 na 4 na 7, unapata 42, 4 na 2 ni 6. Za Zanzibar zinaleta 43, yaani 7. Sita na saba ni 13, na 1 na 3 ni 4. Sasa jumla kuu: 6, 1, 7, 4, 1, 1, 2, 0. Ni 22. Mbili na mbili, nne. Zimekubaliana. Wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Fanyeni wenyewe, mtakuta 7 na 6, na mwisho wake tena ni 4. Inafanya kazi kwa sababu 10, 100, 1,000 na ndugu zao wote wakigawanywa kwa 9 wanaacha 1, kwa hiyo kila tarakimu inajiwakilisha yenyewe popote ilipokaa. Kasoro yake ni kwamba tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, njia hii haioni kitu. Mwenye duka asiitegemee peke yake.

Na kwa kuwa 22 haigawanyiki kwa 3, tayari tumejua kwamba Watanzania wa mwaka 2022 hawapangiki watatu watatu. Atabaki mmoja. Huyo mmoja mkumbukeni, tutakutana naye tena.

Sasa tuingie ndani. Pale Soko la Majengo mama wa nyanya hapangi nyanya kwa mzani, anapanga mafungu. Tatu chini, moja juu, fungu. Akiwa na nyanya 24 ana uhuru mkubwa: mafungu ya nne nne, ya tatu tatu, ya sita sita. Akiwa na 23 hana ujanja. Ama auze moja moja, ama aziuze zote kwa mkupuo. Namba kama 23 shuleni tunaziita namba tasa. Jina hili hunisumbua kila mwaka ninapolifundisha. Tasa kwa sababu hazigawanyiki, sawa, lakini ndizo zinazozaa namba nyingine zote! Kila namba nzima kubwa kuliko 1, kama yenyewe si tasa, ni mazao ya tasa zilizozidishwa, na kwa njia moja tu. Mngeniuliza mimi ningeziita namba mama. Hakuna aliyeniuliza.

Wazazi wa 61,741,120 ni akina nani? Inaishia na sifuri, basi ni shufwa. Igawe kwa mbili: 30,870,560. Tena: 15,435,280. Tena: 7,717,640. Bado ni shufwa. 3,858,820. Halafu 1,929,410. Halafu 964,705, na hapa mbili zimekwisha, tumefika kwenye witiri. Mara sita tumeikata katikati ikakubali. Mjue si kawaida. Ukichukua namba 64 zinazofuatana, ni moja tu inayogawanyika kwa 64, na yetu ndiyo iliyoangukia hapo.

964,705 inaishia na 5, igawe kwa 5: 192,941.

Sasa 7. Kwa 7 nina njia ninayoipenda kuliko chakula. Chukua namba yetu nzima kama inavyoandikwa, na mikato yake: 61, halafu 741, halafu 120. Jumlisha ya kwanza na ya mwisho: 181. Toa kwenye ya katikati: 741 kutoa 181, inabaki 560. Je, 560 inagawanyika kwa 7? Mara 80 kamili. Basi na 61,741,120 inagawanyika kwa 7. Siri iko kwenye 1,001, ambayo ni 7 mara 11 mara 13. Kwa kuwa 1,000 imepungukiwa na 1 kufika hapo, kila ukiruka mkato mmoja alama inageuka, kujumlisha kunakuwa kutoa. Njia hiyo hiyo inakupimia 7, 11 na 13 kwa pamoja. Nimeona watu wazima wakiifurahia hii kama watoto.

Tugawe: 192,941 kwa 7 ni 27,563.

Hapa ndipo jasho linapotoka. Usiku nilipofanya kazi hii mara ya kwanza, kwenye meza ya jikoni, 27,563 ilinikatalia mlango baada ya mlango. Nilijaribu 7 tena, ikakataa. 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, zote zikakataa. Mama watoto akapita akauliza nasahihisha mitihani ya nani. Nikamwambia ya taifa. (Kicheko) Nikafika 43. Na 43 ikafungua: 43 mara 641.

Nikaweka kalamu chini. 641 sikuhitaji hata kuipima, maana kama ingekuwa na kigawo chochote, kigawo hicho kingekuwa chini ya 26, na tasa zote za chini ya 26 nilikuwa nimeshazijaribu. Ni tasa. Lakini si hilo lililonisimamisha. 641 naijua. Ni kama kufungua mlango wa nyumba ya uswahilini ukamkuta sebuleni mtu uliyemsoma kwenye historia.

Niwasimulie kidogo habari za 641, na kama muda utaisha, uishie hapo.

Miaka ya 1640, Ufaransa, kulikuwa na mwanasheria wa mji wa Toulouse anaitwa Pierre de Fermat. Hisabati kwake ilikuwa kazi ya jioni. Alizipenda namba za aina hii: chukua 2, ipandishe kwa kipeo ambacho chenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16, halafu ongeza 1. Unapata 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tano ni tasa. Fermat akaamini kwamba na zinazofuata zote ni tasa, akawaandikia wenzake hivyo. Inayofuata ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1: 4,294,967,297. Karibu miaka mia moja ikapita. Mwaka 1732, Leonhard Euler, kijana wa Kiswisi wa miaka 25 aliyekuwa anafanya kazi Saint Petersburg, Urusi, akaonyesha kwamba Fermat alikosea. Ile namba ni 641 mara 6,700,417.

Angalieni ukubwa wa kosa na udogo wa dawa yake. 641 ni tasa ya 116 ukianza kuhesabu kutoka 2. Fermat angekaa na kugawanya kwa tasa moja baada ya nyingine, kugawanya mara 116 kungemfikisha. Euler hakuhitaji hata hizo. Baadaye alieleza kwamba kigawo chochote cha tasa cha namba ile ni lazima kikigawanywa kwa 64 kiache 1. Ukifuata hilo, unazopaswa kujaribu ni 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Tano! Na tangu hapo, katika ukoo ule wa Fermat, haijapatikana tasa nyingine zaidi ya zile tano za mwanzo.

Naomba dakika mbili za ubao, walio kidato cha tatu na cha nne wanifuate, wengine pumzikeni. 641 ina sura mbili. Sura ya kwanza ni 640 na 1, yaani 5 × 2⁷ + 1. Sura ya pili ni 625 na 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Kwa sura ya kwanza, 5 × 2⁷ imepungukiwa na 1 tu kuifikia 641. Tuseme baki lake ni −1. Ipandishe kwa kipeo cha nne: −1 mara nne inakuwa 1, kwa hiyo 5⁴ × 2²⁸ inaacha baki 1. Sasa sura ya pili inasema 5⁴ na 2⁴ zikikutana zinakuwa 641 kamili, yaani mbele ya 641, 5⁴ ni sawasawa na −2⁴. Iondoe 5⁴, weka −2⁴ mahali pake: −2³² inaacha 1. Kwa maneno mengine, 2³² + 1 haiachi kitu. Imegawanyika, na hatukuigusa ile namba ya mabilioni hata kidogo. (Makofi)

Makofi hayo ni ya 641. Na hiyo 2³² mnaishi nayo bila kujua: ndiyo idadi ya anwani zote zinazowezekana katika mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, bilioni nne na ushee. (Kicheko) Naam, nimesema ushee, nimekamatwa.

Turudi nyumbani. Namba yetu basi ni 2 mara sita, mara 5, mara 7, mara 43, mara 641. Kutoka hapo vigawo vyake vinahesabika bila kuvitafuta kimoja kimoja. Unapotengeneza kigawo, unachagua uchukue 2 ngapi: hakuna, moja, hadi sita, hizo ni njia 7. Kisha 5 uichukue au uiache, 7 vivyo hivyo, 43, 641. Saba mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili: 112. Namba za ukubwa huu kwa wastani zina vigawo 19 hivi. Yetu ina karibu mara sita ya hapo. Ile ya sensa ya 2012, 44,928,923, ilikuwa mkavu kwa kulinganisha: witiri, haikubali 3, haikubali 5, 7 wala 11; unabisha hadi 13 ndipo unafunguliwa.

Wingi wa vigawo una faida gani? Fikirieni halaiki. Tuseme tunataka kuwapanga Watanzania wote wa siku ile katika uwanja mmoja, safu zilizonyooka, asibaki mtu nje. Mraba haiwezekani: 7,857 kwa 7,857 inaacha watu 8,671 wamesimama pembeni, na 7,858 kwa 7,858 haijai. Lakini mstatili upo. Ulio karibu zaidi na mraba ni safu 6,880 zenye watu 8,974 kila moja. Ukimpa kila mtu nusu mita ya upana, na safu kwa safu mita moja, uwanja wako una upana wa kilomita nne na nusu na urefu wa kilomita saba kasoro. Nchi nzima, kutoka Kagera hadi Mtwara na visiwa vyote, inaenea kwenye mbuga ambayo mchungaji wa Bahi anaizunguka kabla ya jua la saa sita. Mimi hesabu hii ilinitia unyonge kidogo, sijui ninyi.

Sasa kuna jambo jingine, na hili nilitaka kuliacha kwa sababu linanukia uganga. Tazameni tarakimu nne za mwanzo: 6174.

Nani ana kalamu? Andika namba yoyote ya tarakimu nne, isipokuwa zile ambazo tarakimu zote ni moja, kama 1111. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, halafu kutoka ndogo kwenda kubwa, toa. Jibu ulilopata lifanyie vivyo hivyo. Endelea. Tuchukue mwaka wa sensa, 2022. Kubwa ni 2220, ndogo ni 0222, tofauti 1998. Tena: 9981 kutoa 1899 ni 8082. Tena: 8820 kutoa 0288 ni 8532. Tena: 8532 kutoa 2358 ni 6174. Endelea ukitaka: 7641 kutoa 1467 ni 6174. Umefika, hutoki.

Hii iligunduliwa na mwalimu. Aliitwa D. R. Kaprekar, alifundisha shule huko Devlali, India, tangu 1930 hadi 1962, na aliitangaza namba hii mwaka 1949. Hakuwa profesa. Wapo wanahisabati nchini kwake waliouona utafiti wake kuwa mchezo tu, hadi mwaka 1975 mwandishi wa Kimarekani Martin Gardner alipoandika habari zake na dunia ikageuza shingo. Nikisoma habari zake huwa naona mtu kama sisi, ana rundo la madaftari ya kusahihisha upande huu na karatasi yake mwenyewe upande ule.

Kila namba ya tarakimu nne inaingia 6174 kama magari ya Arusha, ya Iringa, ya Singida na ya Morogoro yanavyoingia Dodoma. Hakuna inayozidi hatua saba. Jaribuni 1973, mwaka ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa: 9731 kutoa 1379 ni 8352, kisha 8532 kutoa 2358, umefika. Hatua mbili. Serikali yenyewe ilichukua miaka zaidi ya arobaini. (Kicheko na makofi) Halafu 1961, mwaka wa Uhuru, ndio safari ndefu kuliko zote: 8442, 5994, 5355, 1998, 8082, 8532, 6174. Hatua saba kamili. Na mmeona njiani? Ilipofika 1998 imeingia kwenye barabara ile ile ya 2022.

Naona macho yanaanza kung'aa vibaya, kwa hiyo nikanyage breki. Mtu mwenye tamaa angewaongeza hivi: namba yetu ni 6174, halafu 112, halafu 0. Na vigawo vyake ni vingapi? 112! Imejiandika idadi ya vigawo vyake mgongoni! Ni kweli, imejiandika. Na haina maana yoyote. Ukiikagua namba kwa njia mia moja, mbili tatu zitakuchekea, hiyo ndiyo tabia ya bahati. Ajabu ya 641 ni ya kudumu. Ilikuwepo kabla ya sensa na itakuwepo baada yetu, na nimewaonyesha kwa nini. Ajabu ya 112 ni ya kunywea chai. Mtu akija kuwauzia namba za bahati kwa kutumia mambo ya aina hii ya pili, mpeni chai, pesa msimpe.

Yule mmoja aliyebaki sasa. Tulisema watatu watatu anabaki mmoja. Tupange timu za mpira, kumi na mmoja kila timu: zinapatikana timu 5,612,829, na anabaki mmoja. Vijana wangu wa kidato cha kwanza walisema huyo ni refa. Tugawe sawa kwa sawa kwenye mikoa yetu 31, ishirini na sita ya Bara na mitano ya Zanzibar: kila mkoa unapata watu 1,991,649. Anabaki mmoja tena! Watatu, kumi na mmoja, thelathini na moja, na kila mara anasimama pembeni mtu mmoja. Zidisha 3 kwa 11 kwa 31 unapata 1,023, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 10, kasoro 1. Ukiwapanga Watanzania kwenye makundi ya 1,023, makundi yatakuwa 60,353 na mmoja atabaki bila kundi. Nilipomweleza bibi hili, kwa Kigogo changu kibovu, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza, "Mmemtafuta?"

Na kuna mwingine ambaye hata kubaki hakubaki. Sensa ilihesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Mtoto aliyezaliwa baada ya saa sita usiku hakuhesabiwa. Tuseme ni mmoja tu, wodini, muuguzi anaangalia saa ya ukutani, saa sita na dakika nne, na tuseme hakuna aliyetangulia mbele ya haki dakika zile. Namba inakuwa 61,741,121. Tulivyopata vyote vimeondoka. Si shufwa tena. 5 imekataa, 7 imekataa, 641 imekataa, halaiki yetu ya safu 6,880 imevurugika, kwa sababu namba mbili zinazofuatana hazishirikiani kigawo chochote zaidi ya 1. Mtoto mmoja, bado hajafunguliwa macho vizuri.

Tumpime. Mkato wa kwanza 61, wa mwisho 121, jumla 182. Toa kwenye 741. Nani ana jibu? 559, sawa. 559 ni ngapi mara ngapi? ... Binti wa pale dirishani, sema kwa sauti. Kumi na tatu mara arobaini na tatu. Safi sana, kidato cha ngapi? Cha pili. Wote mmesikia 43 imerudi, lakini isiwadanganye, maana kipimo hiki kinaapa kwa 1,001, na 1,001 haiijui 43. Inayohesabika hapa ni 13. Basi 61,741,121 ni 13 mara 4,749,317, na hiyo ya pili sijaifungua. Chaki iko hapa mezani, na ubao nimeufuta nusu.